Neno "charge" la Kiingereza: mwongozo kamili wa maana zake na jinsi ya kulitumia bila kuteleza

Nilipokuwa mchanga katika kazi ya kutafsiri, nilipewa taarifa fupi ya habari yenye sentensi hii: "The two men were released without charge." Sikusita. Nikaandika kwamba wanaume hao wawili waliachiwa bila malipo. Mhariri alinirudishia karatasi ikiwa na swali moja pembeni: "Kwani polisi siku hizi kuna kiingilio?" Sentensi ilikuwa inasema kwamba waliachiwa bila kufunguliwa mashtaka.

Neno hilo lilikwisha hamia katika Kiswahili kwa mlango wa umeme. Tunachaji simu, tunaazima chaja, tunalalamika kwamba chaji haikai. Mazoea hayo ndiyo yanayotuponza, kwa sababu katika maandishi ya Kiingereza maana ya umeme ni moja tu kati ya nyingi, na mara nyingi siyo inayokusudiwa. Mwongozo huu unafuata njia ninayoitumia mwenyewe ninapokutana na neno hili: kwanza naitafuta sura yake ya asili, kisha natazama maneno yaliyolizunguka, ndipo nachagua neno la Kiswahili.

Kwanza, upate picha ya mzigo

Asili ya "charge" ni kitenzi cha Kilatini cha zama za mwisho, "carricare", yaani kupakia mzigo kwenye gari la kukokotwa. Gari lenyewe liliitwa "carrus", neno ambalo Warumi walilichukua kwa Wagauli, wenyeji wa kale wa nchi ambayo leo ni Ufaransa. Kifaransa cha kale kikalipokea, kikalainisha matamshi, na kufikia karne ya 13 lilikuwa limeshaingia katika Kiingereza. Ndugu zake bado wapo: "car" ni gari, "carry" ni kubeba, "cargo" ni shehena. Hata "caricature", ile picha ya kumchora mtu kwa kumkuza pua na masikio, imetoka huko huko kupitia Kiitaliano: ni picha iliyopakiwa kupita kiasi. Sisi tungesema imetiwa chumvi.

Basi kila unapoliona neno hili jiulize: nani amembebesha nani mzigo gani? Mzigo ukiwa wa fedha, mtu ametozwa. Ukiwa wa kosa, ameshtakiwa. Ukiwa wa kazi, amekabidhiwa jukumu. Ukiwa wa umeme, kitu kimechajiwa. Kiswahili chenyewe hakiko mbali na fikra hiyo. Tunasema mtu amebebeshwa lawama, ametwishwa kazi, au, pale uongo unapoingia, amebambikiwa kesi. Kesi ya kubambikiwa ndiyo Waingereza wanayoiita "trumped-up charges".

Hatua ya 1: Tazama kihusishi kabla ya kufungua kamusi

Kamusi itakupa orodha ndefu, na ukiisoma bila dira utatoka na maana ya kwanza tu. Vile vineno vidogo vinavyofuata au kutangulia "charge" vina msaada zaidi. Ukiona "for", mara nyingi ni fedha. Ukiona "at" au "into", kuna mtu au mnyama anayekimbia. Ukiona "in" kabla yake, kuna msimamizi. "With" ndiyo yenye hila, nayo nitaishughulikia peke yake.

Tuanze na fedha kwa kuwa ni rahisi. Mpangilio wake ni mtozaji, "charge", mtozwaji, kiasi, kisha "for" na huduma yenyewe. "The lawyer charged us 200 dollars for one letter." Wakili alitutoza dola 200 kwa barua moja. Hapa kitenzi cha kutoza kinaenda sambamba na Kiingereza, kwani nacho humchukua mtu na kiasi bila kuhitaji kiunganishi kati yao. Ajabu ni kwamba wengi wetu tukiandika Kiingereza tunaongeza "to" na kusema "charged to us". Hiyo "to" ina kazi nyingine: hutaja akaunti itakayobeba deni. "Charge it to the company" maana yake iandikwe kwenye hesabu ya kampuni, kampuni ndiyo itakayolipa.

Kosa jingine ninalolikuta kila mara ni "The book charges 10 dollars". Kitabu hakina mkono wa kumtoza mtu. Anayetoza ni mtu au taasisi, kitu hugharimu. Kwa hiyo fundi unamuuliza "How much do you charge?", lakini kuhusu kitu alichokionyesha unauliza "How much does it cost?"

Na ukinunua kitu mtandaoni ukaletewa ujumbe "Your card will be charged 15 dollars", kadi haitapata umeme wowote. Utakatwa dola 15.

Hatua ya 2: Pambana na "with"

Hapa ndipo tafsiri nyingi huanguka, hata za watu wazoefu. "Charged with" inaweza kuzaa vitu vitatu visivyofanana kabisa.

"She was charged with theft." Ameshtakiwa kwa wizi.

"She was charged with training the new staff." Amekabidhiwa kazi ya kuwafunza wafanyakazi wapya.

"Her voice was charged with anger." Sauti yake ilijaa hasira.

Kanuni ya haraka ni kutazama kinachofuata. Kosa la jinai likifuata, ni mashtaka. Kazi ya halali ikifuata, ni jukumu. Hisia, maana au umeme ukifuata, ni kujaa. Kanuni hii itakuvusha mara nyingi, ila kuna siku itakutosa. Chukua sentensi hii: "He was charged with organising the march." Kama mtendaji asiyetajwa ni polisi, mtu huyo yuko matatani, ameshtakiwa kwa kuandaa maandamano. Kama mtendaji ni chama chake, huyo ni mtu anayeaminiwa, amepewa jukumu la kuyaandaa. Sentensi ni ile ile, na sarufi haina jibu. Rudi nyuma aya moja au mbili umtafute aliyetwisha huo mzigo. Usipompata, soma mbele: je, kuna wakili, dhamana, kizimba? Au kuna bajeti na tarehe ya mkutano? Usitafsiri mpaka umpate.

Tukiwa bado mahakamani, kuna ngazi tatu ambazo Kiingereza hakizichanganyi, nasi hatupaswi kuzichanganya. Kumtuhumu mtu ni "accuse", na yeyote anaweza kufanya hivyo, hata jirani. Kumshtaki ni "charge", hatua rasmi ya mamlaka yenye uwezo wa kisheria. Kumtia hatiani ni "convict", nayo ni kazi ya mahakama. Mwandishi wa habari anayegeuza "charged" kuwa "amepatikana na hatia" amemhukumu mtu kabla ya hakimu, na anaweza kujikuta yeye ndiye anayetafuta wakili.

Vihusishi vya ngazi hizo navyo havibadilishani: ni "accused of", lakini "charged with". "Charged of" haipo. Hata hivyo neno likiwa nomino, "of" inarudi kwa haki zote: "He was arrested on a charge of fraud", alikamatwa kwa shtaka la ulaghai. Ukishalijua hilo, msamiati mwingine wa mahakamani unajipanga wenyewe. "Press charges" ni kufungua mashtaka, "drop the charges" ni kuyaondoa, "deny the charge" ni kukana shtaka, na "charge sheet" ni hati ya mashtaka.

Angalizo dogo: nje ya mahakama, "charge" nomino huweza kuwa tuhuma ya kawaida tu. "The charge that he is lazy is unfair" haimpeleki mtu kortini. Ni lawama kwamba ni mvivu, na mwandishi anaona si ya haki.

Hatua ya 3: Tofautisha anayesimamia na anayesimamiwa

"In charge" ni msimamizi. "Who is in charge here?" ni nani msimamizi hapa, au, ukiwa umekasirika, mkubwa wenu ni nani. Katika vyeo rasmi Kiswahili kina neno zuri linalosahaulika: mfawidhi. Mganga mfawidhi ni "medical officer in charge", hakimu mfawidhi ni "magistrate in charge". Wanaoandika "mganga aliye katika uongozi" wanajisumbua bure.

Sasa ongeza herufi tatu tu, "the", uone kitakachotokea.

"The nurse is in charge of the child." Muuguzi anamwangalia mtoto.

"The child is in the charge of the nurse." Mtoto yuko chini ya uangalizi wa muuguzi.

Bila "the", anayetajwa mwanzoni mwa sentensi ndiye bosi. Ikiwepo, anayetajwa mwanzoni ndiye anayetunzwa. Ukiidondosha katika sentensi ya pili, umemkabidhi mtoto kazi ya kumsimamia muuguzi. Mtu aliye chini ya uangalizi naye huitwa "charge", hasa katika maandishi ya zamani kidogo au ya kiungwana. "The nanny and her two charges" ni yaya na watoto wawili anaowalea. Nimewahi kuona tafsiri iliyosema yaya na mashtaka yake mawili, na bahati mbaya hadithi yenyewe ilikuwa ya watoto.

"Take charge" tafsiri yake bora ni kushika hatamu. Na katika ubalozi kuna cheo cha Kifaransa, "chargé d'affaires", ambacho ukikifungua neno kwa neno ni aliyebebeshwa shughuli. Kwetu huyo huitwa kaimu balozi.

Hatua ya 4: Fahamu jinsi umeme ulivyoingia

Maana ya umeme ni changa kiumri kuliko hizo zote, na ilikuja kwa njia ya bunduki. Anayejua gobori anajua kwamba huwezi kulifyatua kabla ya kushindilia baruti mtutuni. Kipimo hicho cha baruti Waingereza walikiita "charge", mzigo wa bunduki. Mwaka 1745 na 1746 wataalamu wawili, Ewald Georg von Kleist na Pieter van Musschenbroek wa mji wa Leiden, Uholanzi, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba chupa ya kioo inaweza kuhifadhi umeme na kuutoa wote kwa mpigo mmoja. Chupa iliyotulia kisha inamtikisa mtu kwa kishindo ilifanana mno na bunduki iliyoshindiliwa. Benjamin Franklin, aliyefanya majaribio na chupa hizo Marekani, alitumia lugha hiyo ya kushindilia katika barua zake, na chupa kadhaa zilizounganishwa akaziita "battery", neno la kijeshi lililomaanisha mizinga iliyopangwa pamoja. Kwa hiyo ukisema betri imejaa chaji, unatumia maneno mawili ya watu wa mizinga.

Katika fizikia, "charge" ni chaji, iwe chanya au hasi, na kizio chake ni kulombi. Ili uone ukubwa wake, betri ya simu iliyoandikwa 5000 mAh ikijaa inaweza kusukuma chaji ya kulombi 18,000: ampea 5 kwa saa moja, na saa moja ina sekunde 3,600.

Katika mazungumzo, mtego uko upande wa kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Sisi tunasema chaji imeisha, kisha tunatafsiri neno kwa neno: "My charge is finished." Mwingereza ataelewa kwa kukisia, ila yeye husema "My battery is dead" au "My phone has died". Simu ikiwa kwenye umeme, "My phone is charging" inatosha. Na jihadhari na "no charge". Wanafizikia wana kichekesho chao kuhusu nyutroni aliyeingia baa, akanywa, akauliza bei. Mhudumu akamjibu: "For you, no charge." Kichekesho kinasimama kwa sababu nyutroni haina chaji, chanya wala hasi, na papo hapo "no charge" ni bure. Jaribu kukisimulia kwa Kiswahili uone. Bure ni bure, chaji ni chaji, na kicheko kinafia mlangoni.

Kwa kuwa tumefika hapo: bure ni "free of charge", umoja, bila kiambishi chochote. Ukiandika "free of charges" msomaji anaweza kudhani unazungumzia mtu aliyefutiwa mashtaka. Na nomino hii ya fedha hutumika kwa huduma zaidi ya bidhaa. Bidhaa ina "price", safari ina "fare" ambayo ni nauli, mwanafunzi analipa "fee" ambayo ni ada, aliyekosa analipa "fine" ambayo ni faini. Hiyo "charge" ni tozo la huduma, na kwa benki neno linalokaa sawa ni makato.

Hatua ya 5: Usiisahau maana ya kukimbia

"The bull charged at us." Fahali alitujia mbio. Mzigo uko wapi hapa? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba maana hii ilipitia kwenye silaha: kuielekeza silaha au kuijaza ili ishambulie, kisha neno likahamia kwenye shambulio lenyewe. Shambulio mashuhuri la namna hiyo ni la wapanda farasi wa Uingereza kule Balaclava, tarehe 25 Oktoba 1854, katika Vita vya Crimea, ambapo wapanda farasi wapatao 670 walielekezwa kwenye mizinga ya Warusi. Tahadhari: farasi wa vita anaitwa "charger". Ukisoma hadithi ya kale ambayo shujaa anapanda "charger" yake, hajapanda kifaa cha simu.

Kuna "charger" ya tatu pia, sahani kubwa bapa. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema kichwa cha Yohana Mbatizaji kiliombwa "in a charger". Biblia ya Kiswahili inasema katika kombe, na hapo wafasiri walifanya kazi yao.

Michezoni neno limegawanyika. Katika mpira wa miguu "charge" ni kumkumba mpinzani kwa mwili, hasa kwa bega, na ikifanywa kwa uzembe au kwa nguvu kupita kiasi ni mkwaju huru wa moja kwa moja. Katika mpira wa kikapu, "charging" ni kosa la mshambuliaji aliyemparamia mlinzi ambaye tayari ameshasimama imara mahali pake. Usitafsiri kwa neno moja kote.

Hatua ya 6: Soma viambishi vya mbele

Ukiwa na picha ya mzigo kichwani, "discharge" haikusumbui: ni kuutua. Mgonjwa akiwa "discharged" ameruhusiwa kwenda nyumbani. Askari akiwa "discharged" ameachishwa utumishi. Deni likiwa hivyo limelipwa lote, bunduki imefyatuliwa, betri imeishiwa chaji. Jeraha likiwa na "discharge" linatoa usaha au majimaji. Moja tu inaonekana kwenda kinyume: "discharge one's duties" ni kutekeleza majukumu, wala si kuyatupa. Ndiyo kuutua mzigo pia, ila baada ya kuufikisha.

"Overcharge" ni kutoza kupita kiasi, au kuchaji kupita kiasi. "Surcharge" ni tozo la nyongeza juu ya bei ya kawaida. "Recharge" ni kuchaji upya, na kwa mtu aliyechoka ni kupumzika arejeshe nguvu.

Jipime

Funika majibu kwa mkono, utafsiri kwanza.

"The officer in charge said the driver, already charged with theft for charging passengers twice, charged at the gate before his phone was charged." Ofisa msimamizi alisema kwamba dereva huyo, ambaye tayari alishashtakiwa kwa wizi wa kuwatoza abiria mara mbili, alilivamia lango kwa mbio kabla simu yake haijajaa chaji. Hakuna mtu anayeandika hivyo kwa hiari yake, ila ukiivuka hii, za kweli zitakuwa nyepesi.

"The meeting was charged, and nobody wanted to take charge." Mkutano ulikuwa na joto kali, na hakuna aliyetaka kushika hatamu. Ukiandika kwamba mkutano ulitozwa, rudi Hatua ya 2. "Charged" ikisimama peke yake baada ya mkutano, hotuba au hali, ni hisia zilizojaa.

Ya mwisho ndiyo ninayoipenda: "She left her two charges in the charge of a nurse charged with neglect." Watoto wawili aliokuwa akiwalea aliwaacha mikononi mwa muuguzi anayeshtakiwa kwa uzembe. Uzembe haukabidhiwi mtu kama kazi, kwa hiyo "charged with" hapa haina njia mbili.